Jarida Lililolala Kibarazani

11 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mama yako, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha nimeandika kwamba zake ni nyingi kuliko zangu. Sisi ni wazima. Goti langu hulalamika asubuhi na kunyamaza jua likishapanda, kwa hiyo hatulihesabu kuwa ugonjwa. Wewe je? Mama yako anauliza kama unalala. Mimi nauliza kama unakula, maana aliyeshiba hulala bila kuulizwa.

Jarida lako la madaktari wa masikio, pua na koo limefika. Nimelipokea kwa mikono miwili, nikatafuta jina lako kule ndani kwenye maandishi ya sisimizi, nikalikuta: mhariri msaidizi. Nikamwonyesha mama yako. Halafu nikalitoa nje, nikaliweka juu ya kile kiti cha kibarazani. Usikasirike. Unajua gundi na wino wa jarida hilo vinavyonuka, na unajua nyumba hii haikosi makopo ya majani ya chai ninayokuja nayo kutoka kiwandani kuyaonja kwa utulivu. Majani ya chai hunyonya kila harufu inayopita. Nikililaza jarida lako sebuleni, kesho nakunywa wino.

Lakini nimelisoma, nikiwa huko huko nje. Kurasa kumi na moja kuhusu nta ya masikio! Nilidhani nta ni nta. Kiwandani nimewaambia kuwa binti yangu ni mhariri wa nta, na mtunza ghala, yule rafiki yangu mwenye kicheko cha kuku, alicheka mpaka akakaa chini. Wananicheka, lakini wanajua. Aliyewaonjea chai kwa miaka yote hii mpaka wakasahau jina lake na kumwita Mzee Pua, ndiye aliyemzaa msomi wa pua. Damu haipotei.

Naona kwenye habari kuna gonjwa huko mbali. Madaktari wenu wanasemaje?

Nitumie barua, si simu. Simu nawaachia wenye haraka.

Baba yako


28 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mfikishie na Mama shikamoo yake, umwambie ninalala. Wewe nakwambia ninakula. Mkikutana mjadiliane nani kadanganywa.

Gonjwa halipo mbali tena, kama mnavyoona. Mtaa wetu umenyamaza. Ofisi yetu, vile vyumba viwili juu ya duka la miwani, imebaki na watu wawili tu, mimi na mhariri mkuu wetu. Ni daktari mstaafu wa masikio, pua na koo, mama wa miaka sabini na kitu, na tunamwita Bibi Mkasi kwa jinsi anavyokata maneno ya watu. Tulimwambia abaki nyumbani kwa sababu ya umri wake. Alijibu kwamba amewahi kutumbukiza vidole kwenye makoo ya watu elfu moja na hajaumwa hata mara moja, kisha akavaa barakoa na kukaa mezani.

Baba, uliwacheka watu wa nta. Nataka ujue wanachofanya sasa. Daktari wa pua hukaa na uso wake karibu kabisa na pumzi ya mgonjwa. Gonjwa hili lilipoingia, wao walikuwa kati ya wa kwanza kuanguka. Mmoja aliyekuwa akituandikia kila mwaka kuhusu mafindofindo ya watoto amefariki. Wenzake wakatutumia ukurasa mmoja: jinsi ya kumchunguza mgonjwa bila kufuata nyayo za mwenzao huyo. Kwa kawaida makala hukaa kwetu miezi, inasomwa na wahakiki wawili, yaani madaktari wengine wasiojua nani kaiandika na wasiolipwa hata senti. Safari hii mmoja aliisoma akiwa amekaa kwenye ngazi za hospitali kati ya zamu na zamu, akarudisha maoni yake siku hiyo hiyo. Bibi Mkasi akaamuru makala yoyote ya gonjwa hili iwe bure kwa kila mtu. Nimekuwa nikiona majina yao kwenye karatasi kwa miaka sita, na sikujua ni watu wa namna gani.

Na kuna jambo jingine. Barua fupi fupi zinatufikia kutoka kwa madaktari wasiojuana. Kila mmoja anaandika kama mtu anayeona aibu kusumbua: wagonjwa wangu wengine hawasikii harufu. Si kwa mafua, pua ziko wazi kabisa, ila harufu imeondoka. Mmoja angeandika peke yake, angepuuzwa. Barua zilipokutana kwenye meza moja, Bibi Mkasi alizipanga, akavua miwani, akasema, "Hii ni dalili." Haba na haba, Baba.

Kwa hiyo nawauliza watu wote ninaowapenda: mnasikia harufu?

Mwanao


22 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sisi hatujambo. Mama yako anaendelea vizuri.

Nilipata mafua kidogo na homa ya siku mbili tatu. Nimepona. Nimesharudi kazini, maana chai haijui gonjwa, inaendelea kuchipua.

Unaniuliza mimi kama nasikia harufu? Kamuulize samaki kama analowa.

Wasalimie madaktari wako.

Baba


10 Mei

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa homa ambayo ulinieleza kwa mstari mmoja na nusu. Nimezoea barua zako zinazomeza jioni nzima. Ile iliisha kabla sijavuta kiti.

Mama amenipigia simu. Usimlaumu. Anasema alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba, akaona moshi dirishani, akakimbia, akakuta maharage yameungua mpaka sufuria imetoboka. Na wewe umekaa hatua tatu kutoka kwenye jiko, unasoma gazeti. Anasema ulimtazama ukamuuliza, "Vipi, mbona unahema?"

Sikuandikii kukushitaki. Ninakuandikia jambo tulilolichapisha juzi, kwa sababu nililisoma nikakufikiria wewe. Daktari mmoja aliwauliza wagonjwa wake kama wanasikia harufu. Wengi walisema ndiyo, bila wasiwasi. Hakuridhika. Akawafunga macho, akawapitishia vichupa puani, kimoja kimoja. Karibu nusu ya waliosema ndiyo hawakujua wanachonusa. Hawakuwa waongo, Baba. Akili ilikuwa inawakumbusha harufu za zamani nao wakaamini ni za leo. Unaona chungwa, unasikia chungwa. Asiyefungwa macho hawezi kujua.

Nampenda daktari huyo kwa ajili ya hicho kitambaa cha macho. Angeweza kuandika jibu la kwanza akalala.

Mwambie Mama akufunge macho. Na gesi ya jikoni muifunge kila mkimaliza kupika, nakusihi. Kisha niandikie, na uandike kirefu. Kazini inakuwaje?

Mwanao anayekupenda


31 Mei

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na afya, kwa sababu mimi yangu nimeificha mpaka imechoka kujificha. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walinijua. Mimi nimeumbuliwa na maharage.

Mama yako alinifunga macho kwa ile leso yake ya maua. Akaniwekea kitu puani. Nikasema, karafuu. Akakisogeza karibu zaidi. Nikasema, basi tangawizi. Akaifungua leso, nikaona ameshika kitunguu kilichokatwa. Alikuwa analia, nami sikujua kama ni kitunguu au ni mimi.

Sasa nikuambie ya kazini, na mama yako hajui haya. Nimekuwa naonja kwa macho na ulimi. Rangi ya kikombe naiona, ukali wa chai naupata, nikifyonza kijiko kwa ile kelele yangu watu wanaridhika. Vikombe ishirini vimepangwa, mimi napita, nafyonza, natema, nasema: hii safi, hii rudisha. Nilikuwa nakisia. Mwezi uliopita nilipitisha mzigo mzima. Umerudi. Wanunuzi wanasema unanuka moshi tangu mfuko wa kwanza hadi wa mwisho.

Meneja hakunigeukia mimi. Nani atamdhania Mzee Pua? Kama mimi niliupitisha, basi moshi uliingia baadaye. Walimgeukia mtunza ghala, wakasema aliweka mifuko karibu na jiko la walinzi. Amesimamishwa kazi. Yule yule mwenye kicheko cha kuku. Nilikuwepo alipoitwa, mwanangu. Nilikuwa nasuuza kijiko changu. Niliendelea kusuuza.

Naona haya kuandika hivi kwa mtoto wangu. Lakini naogopa. Mzee Pua akiondolewa pua anabaki mzee tu, na wazee wapo wengi.

Je, jarida lako lina dawa?

Baba yako


15 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Nimesoma barua yako nikaikunja, nikaenda dirishani, nikarudi nikaisoma tena. Afya yangu ni njema. Ningekuwa na mabawa ningekuwa hapo.

Sitakudanganya: dawa hatuna. Tumeletewa makala za watu wenye haraka ya kuitangaza, na Bibi Mkasi amezirudisha, moja baada ya nyingine. Kuna mtu alimpigia simu kwa hasira, akasema, watu wanateseka na wewe unang'ang'ania vipimo! Bibi akamjibu kwa upole, "Ndiyo maana nang'ang'ania." Akakata simu, akaomba chai.

Kilichopo ni mazoezi. Madaktari wa pua walikuwa wakiyaandika kwetu miaka mingi kabla ya gonjwa hili, kwa ajili ya watu walioharibiwa pua na mafua ya kawaida au kuanguka. Hakuna aliyewasikiliza sana. Yalikuwa mambo ya kurasa za nyuma, jirani na nta. Sasa dunia nzima inakuja kuzifukua kurasa hizo. Usione vyaelea, vimeundwa. Katika kifurushi hiki kuna vichupa vinne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Asubuhi na jioni, nusa kimoja kimoja polepole, ukikumbuka kile unachonusa. Pia hospitali kubwa ya huko kwenu inaandikisha watu kwa utafiti wa mazoezi haya. Nenda ukajiandikishe, wanahitaji watu wa kila aina.

Kuhusu kazini, mimi ni mtoto wako na sina la kukufundisha. Nakusimulia tu lililotokea hapa wiki iliyopita. Unamkumbuka yule daktari wa kitambaa cha macho niliyemsifu? Ametuandikia. Amegundua kwamba alihesabu kundi moja la wagonjwa mara mbili. Hakuna aliyemshtukia, wahakiki hawakuona, sisi hatukuona. Angenyamaza ingepita. Ameandika: nimekosea, naomba mchapishe masahihisho, na jina langu liwe juu. Nilimuuliza Bibi Mkasi kama tuyaweke ukurasa wa mwisho, kumstahi. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Akasema, "Kosa lilikaa mbele, sahihisho litakaa mbele." Kisha akasema kwamba kuanzia leo neno la daktari huyo atalisoma kwa moyo mweupe kuliko la mtu yeyote.

Nakupenda ukiwa na pua na usipokuwa nayo.

Mwanao


19 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na safari hii neno hilo ni la kweli. Samahani kwa ukimya. Nilitaka kwanza niwe na la kukuandikia.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nilimkasirikia daktari wako, nikamkasirikia na Bibi yako wa mikasi, watu nisiowajua wanakuja kunisumbua hadi kitandani. Kisha Jumatatu moja nikavaa lile koti la harusini. Mama yako akauliza naenda kumzika nani. Nikamwambia yote, tukiwa tumesimama mlangoni. Akanifunga kifungo cha juu, akasema, "Nenda basi, mbona unachelewa?"

Nilimwambia meneja mbele ya waonjaji wenzangu, kwa kuwa kosa lilikaa mbele. Nikasema mtunza ghala hana hatia, ule mzigo niliupitisha mimi, na pua yangu haipo tangu Aprili. Meneja hakunifukuza. Alisema kama moshi haukutoka ghalani, basi umetoka wapi? Wakaenda kulipekua tanuri la kukaushia, wakakuta ufa unaovuja moshi kwenye majani. Kwa wiki zote zile walikuwa wanamwadhibu mtu na tanuri linaendelea kuvuja.

Mtunza ghala amerudi. Nilimfuata nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Alisema ataweza kucheka baadaye. Namsubiri.

Kijiko changu kiko ndani ya droo ya meneja, kwa hiari yangu. Naandika lebo na kupanga vikombe kwa ajili ya wengine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikajiambia, lakini usiku mhunzi anaikumbuka koleo.

Hospitalini nimejiandikisha. Nanusa vichupa vyako kama mtoto mtiifu. Waridi: hakuna. Limau: hakuna. Mkaratusi unanichoma kidogo, daktari anasema huo ni mchomo, si harufu. Karafuu wiki hii imeanza kunipa kitu kama mpira unaoungua. Daktari alifurahi sana, akasema waya za pua zinatafutana. Nilimwambia, zikutane upesi, nimechoka kunusa matairi.

Jarida lako siku hizi linalala ndani, juu ya meza ya kitandani. Hakuna sababu ya kulitoa nje. Nalisoma lote, hata maandishi ya sisimizi. Nilidhani ni kitabu cha nta. Kumbe ni watu wanaoandikiana kama mimi na wewe, kila mmoja anamuuliza mwenzake: umeona nilichokiona mimi?

Baba yako


3 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Hapa kwetu mvua zimeanza, duka la miwani limefunguliwa tena, na mimi ni mzima. Mama anasema umekonda kidogo ila ni mkaidi vilevile, nikamshukuru Mungu kwa yote mawili.

Nina habari. Makala ya utafiti wa mazoezi imeletwa kwetu. Hospitali nane, na ya kwenu imo. Nilipoliona jina la hospitali nikamwambia Bibi Mkasi kwamba baba yangu ni mmoja wa wagonjwa hao. Unajua alifanya nini? Alinyanyuka, akaenda kuufungua mlango, akanitoa nje. Kwa upole, lakini nje. Akasema mtu mwenye baba ndani ya makala haigusi makala, atatamani ipone. Nimekaa ofisi ya mbele wiki tatu, narekebisha koma za makala ya sauti za waimbaji, huku Bibi Mkasi akiichambua yenu chumba cha pili, maoni ya wahakiki mkononi. Niliona wivu, kisha nikaona fahari. Bibi wa miaka sabini na kitu, mgongo unamuuma, aliisoma mara nne.

Imepita. Itatoka kwenye toleo la Novemba. Sasa naruhusiwa kuisoma kama msomaji yeyote, na inasema hivi: mazoezi yanawasaidia baadhi, polepole, wengine bado hayajawasaidia, na ile dawa ya kupuliza puani ambayo wengi waliitumaini haikuongeza kitu. Wameandika na hilo pia, wazi kabisa, kwenye aya ya kwanza. Sijui wewe uko kundi gani, majina hayapo. Lakini uko mle. Hata kama pua haitarudi, Baba, kuna mtu mahali asiyekujua ambaye daktari wake atajua zaidi kwa sababu ulinusa vichupa vile asubuhi na jioni. Asiyepona naye ni jibu.

Bibi Mkasi anauliza, "Mzee wa kibaraza anaendeleaje?" Nilimweleza zamani kwamba jarida lake hulazwa nje. Alicheka mpaka barakoa ikamvuka.

Nitakutumia toleo hilo likitoka tu mtamboni.

Mwanao


5 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika na sisi ni wazima, mama yako, goti, na mimi, kwa mpangilio huo.

Jana mleta barua alileta bahasha yako. Niliichania pale pale mlangoni, maana nilitaka kujiona, hata kama ni bila jina. Nikalivuta jarida nje nusu, nikasimama.

Nilidhani ni yale matairi yangu. Nikasubiri yapite. Hayakupita, na hayakuwa matairi. Nikaliinua karibu, nikafumba macho mwenyewe bila leso. Gundi. Na nyuma ya gundi, wino. Ule ule, mbaya vile vile, hata nusu yake haikupungua. Mama yako akanikuta nimejifunika nalo uso, mabega yananitetemeka, akaogopa akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia, "Jarida la mwanao linanuka." Akakaa chini hapo hapo kwenye ngazi.

Nisikudanganye, nimejifunza kwenu. Leo asubuhi waonjaji wenzangu walinipangia vikombe vitano. Viwili nimevipata, vitatu nimekosa, na kwenye kimoja nilisema waridi pasipo na waridi. Kijiko bado kiko kwenye droo, na sijui kama kitatoka. Lakini wakati nasema waridi, nilisikia kicheko cha kuku nyuma yangu.

Nimesoma makala yenu mwanzo hadi mwisho. Nimewasoma na wahakiki wasio na majina, kwa kuwa sasa najua wapo. Mwambie Bibi Mkasi kwamba mzee wa kibaraza anamsalimu kwa heshima zote. Mwambie pia jarida nimelirudisha nje kwenye kiti chake, na ninalisomea huko huko na baridi yote hii ya milimani. Likiwa ndani kusingekalika.

Usikasirike.

Baba yako